Udongo wa Kwanza

Marcelina alikuwa uwanja wa ndege wa nchi ya watu, akisubiri ndege ya pili, simu kaiegemeza kwenye chungu cha maua. Kwenye kioo, kule kijijini kwao Kwihara, jeneza la mama yake lilikuwa limeshateremshwa kaburini.

"Nisubirini hadi kesho, mdogo wangu. Mimi ndiye mkubwa, nani atatangulia kutupa udongo?"

"Tupa hapo hapo ulipo, dada."

Akachomeka vidole chunguni. Maua yalikuwa ya plastiki, na chini yake sponji tupu. Akanyofoa kipande, akabaki nacho mkononi.

"Siku moja tu, jamani!"

Mdogo wake akashika koleo.

"Mama mwenyewe alikataza usisubiriwe. Alisema amekusubiri miaka kumi na minne, inatosha."