Neno la Juu Ubaoni

Mwalimu wa fasihi alisimama mbele ya ubao uliofutwa, limebaki neno moja tu juu. "Nani kafuta utenzi wangu? Beti kumi na mbili za kuandikia insha ya leo!"

"Dada wa usafi!" darasa likajibu.

Nilikuwa mlangoni, dasta mkononi, vumbi la chaki limenijaa hadi kwenye nyusi. Kwenye dawati la mbele alikaa mdogo wangu, niliyemwambia kuwa nilimaliza shule ya msingi.

"Dada, hukuona nilichoandika pale juu?"

"Nimeona, mwalimu. Umeandika nifute."

Akalinyooshea kidole neno lile lililobaki, pale nisipofikia. "Haya, tusomee."

"U... fute."

Darasa likaangua kicheko. Mdogo wangu hakucheka. Alinitazama mdomoni, akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Kuna 'si' hapo, dada. U-si-fu-te."