Sindano ya Mwinjuma

Mwaija alifungua pindo la khanga, akaweka kichupa kitupu juu ya meza ya daktari.

"Hii ndiyo anayochomwa mume wangu. Mwaka wa tatu sasa. Mwenye duka la dawa kule kwetu Handeni kamwambia inaongeza uanaume."

Daktari Yasinta alikigeuza kichupa, akakisoma taratibu.

"Na aliyeletwa Korogwe kupimwa ni wewe."

"Mama mkwe anasema kilicholala ni shamba. Jembe la mwanawe halipimwi. Nisiposhika mimba kabla ya Idd, Mwinjuma anaoa. Jina la marehemu baba yake halina wa kulibeba."

"Sikiliza, mama. Kichwani mna tezi ndogo. Hiyo hutuma homoni mpaka kwenye korodani, ambako kuna chembe zinazolea mbegu, zinazilisha hadi zikomae. Mtu akijichoma homoni ya kiume, tezi inadhani homoni imejaa tele, inanyamaza. Walezi wanakosa agizo, mbegu hazikui. Mikono inatuna, huko chini ni njaa."

"Akiacha?"

"Aghalabu zinarudi. Miezi sita, mwaka, wengine zaidi. Mwambie aache, kisha aje mwenyewe nimpime."

Mwaija alikirudisha kichupa pindoni, akafunga fundo mara mbili.

Nyumbani alimkuta Mwinjuma barazani, na singlendi yake, anamwonyesha mama yake msuli wa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Hiyo kasoro wameiona wapi?" mama mkwe aliuliza, salamu hajaitikia.

Mwaija hakuzoea kusema uongo, tena alikuwa na udhu.

"Daktari kasema sindano ya Mwinjuma inafanya kazi yake barabara."

"Si niliwaambia?" Mwinjuma akajipiga kifua. "Damu ya simba hii."

"Basi ataoa," akasema mama mkwe.

"Aoe, mama. Ila sindano asiache."

Kwa mara ya kwanza mama mkwe alimwonea huruma. Mkwe mtii kiasi hicho, halafu Mungu kamnyima.

Mwaija akapita uani, mkono umeshika tumbo penye mshono wa kisu cha uzazi, akawaita wanawe wote wanane, wasichana tu, waje kunawa wale. Alipoinama kupakua ugali mgongo haukumuuma. Alhamdulillahi, mwaka wa tatu huu haubebi mtu.