Isale la Kumwomba Mke Msamaha

Kuna mtu hapa Moshi alikuwa amekosa, na Veronika aliifurahia habari hiyo mpaka mtori ukashika chini ya sufuria.

"Melkior! Njoo uone!" aliita, mwiko mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Ameandika tena!"

Mumewe akatoka kwenye karakana yake ya useremala, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Veronika akamsomea. Ukurasa wake wa biashara mtandaoni ulikuwa na sehemu inayoonyesha maneno ambayo mtu aliyaandika akitafuta kitu mpaka akafika pale. Jumatatu mtu aliandika "isale la msamaha", yaani lile jani la Wachagga la kuombea radhi. Leo Jumatano, bila shaka huyohuyo, kaandika "isale la kumwomba mke msamaha".

"Maskini," Melkior akasema, akarudi kwenye randa yake.

Biashara yenyewe ilianza kwa hasira. Januari, beberu ambaye Veronika alikuwa akimnenepesha kwa ajili ya Pasaka aliibwa mchana kweupe, yeye na kamba yake. Melkior aliumia kuliko hata mwenye mbuzi. Alizunguka Rau nzima akiuliza, akarudi jioni hoi, chakula hakukigusa. Ndipo Veronika akaapa kuachana na vitu vyenye miguu. Atauza vyenye mizizi.

Akapanda mlimani mpaka kijijini Mkuu, kwenye kihamba, shamba la migomba la mama yake, akachimbua masale arobaini mpakani, akayapanda kwenye vyungu na kuyapiga picha. Watu walimcheka. Nani anunue jani ambalo mlimani limejaa kila mpaka? Lakini Veronika alijua mjini mambo ni mengine. Mtu wa mtaa wa Soweto, hapahapa Moshi, amezungukwa na ukuta wa tofali. Siku akimkosea mkwewe, atachuma wapi? Na Mchagga akishaletewa isale amesamehe, apende asipende. Hebu mtu amwonyeshe bidhaa nyingine yenye uhakika huo.

Tatizo lilikuwa mdogo wake, Stanley, mwenye duka la simu. Yeye ndiye aliyemtengenezea ukurasa.

"Dada, andika 'maua'," alimshauri. "Hilo ni neno pana. Maelfu wanatafuta maua kila siku."

Akaandika maua. Wiki tatu zikapita, hakuuza hata chungu kimoja. Maelfu walikuwepo kweli, ila walitaka mawaridi ya harusi, na yeye alikuwa nyuma huko, baada ya wauza maua wote wa nchi hii. Tena alishajifunga kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mumewe: Jumapili ya Matawi ikifika hajauza hata kimoja, anafunga ukurasa na kwenda kuosha vichwa vya watu kwenye saluni ya wifi yake. Na wifi huyo, jamani, ana maneno.

"Mtaka yote hukosa yote," akamwambia Stanley siku ile ya mtori ulioungua. "Futa maua. Andika 'isale la kumwomba mke msamaha'."

"Aisee, dada! Hayo atayatafuta mtu mmoja tu Tanzania nzima!"

"Basi namtaka huyohuyo mmoja."

Ijumaa maneno yakaja marefu zaidi: "isale la kumwomba mke msamaha kabla hajajua kosa". Veronika alicheka mpaka akakaa chini. Kabla hajajua! Akayaweka yote kwenye kichwa cha ukurasa, na chini yake, kwa herufi nene: Aliyeletewa hawezi kukataa.

"Hivi hilo bado ni kweli?" Melkior akauliza wakati wa chakula. "Hata kosa likiwa kubwa?"

"Hata awe amechoma nyumba. Mimi mwenyewe nikiletewa, ni kumeza na kunyamaza." Veronika akajipakulia tena. "Unajua ni nani? Ni Kastori, hapo jirani. Huoni anavyonikwepa siku hizi? Ile ni aibu."

"Kastori," Melkior akakubali haraka. "Mtu wa hovyo sana yule."

Jumamosi, kesho yake ndiyo Matawi, Stanley akapiga simu akipayuka. Oda! Chungu kimoja! Mteja kapita dukani kwake, kalipa taslimu, kasema jina lake lisitajwe. Bodaboda yuko njiani na ameshaelekezwa pa kupeleka.

Veronika alipiga vigelegele peke yake jikoni. Akalifuta isale jani kwa jani, akafunga jani moja fundo kama alivyofundishwa na bibi yake, akamkabidhi dereva.

"Polepole kwenye matuta, mwanangu. Umebeba ndoa ya mtu."

Pikipiki ikaondoka kwa mbwembwe. Veronika alikuwa bado anapunga mkono, moyo mweupe, saluni ameisahau kabisa, alipoiona inakata kona, inazunguka nyuma ya nyumba na kusimama mlangoni pa karakana.

Melkior akatoka amevaa shati la Jumapili. Nyuma yake alikuwapo Kastori, macho chini. Melkior akapokea chungu, akavuka uwanja polepole, akasimama mbele ya mkewe.

"Nimelilipia," akasema. "Risiti ninayo."

Veronika akafungua mdomo.

"Shika kwanza," Melkior akasema, akinyoosha mikono. Na Veronika, kwa malezi ya kwao, akalipokea isale kwa mikono miwili.

"Sasa," Melkior akasema, "kuhusu yule beberu."