Kadi Ndani ya Mlango

"Kadi yangu uliipata?"

Jirani yangu Wilfred aliniuliza hivyo miaka sita iliyopita, tukitoka kanisani. Sikuwa nimeona kadi yoyote. Lakini huku kwetu Lancashire, Uingereza, hatupendi kumwaibisha mtu, nikamjibu, "Nimeipata, asante, nzuri sana."

Akavaa kofia yake. Tangu siku ile tunaongea habari za mvua tu.

Jumamosi hii mimi na binti yangu tulikuwa tunabadilisha kile kidomo cha shaba mlangoni, cha kupitishia barua. Nilipofungua skrubu ya mwisho kikabanduka, na kutoka katikati ya mbao ikaanguka bahasha yenye vumbi.

"Jumapili njoo tule pamoja," ilisema kadi. "Usipokuja, sitakusumbua tena. Wilfred."

Nikaisoma mara mbili. Mungu wangu, nami nilimwambia nzuri sana!

"Mama, mbona uso mwekundu kama nyanya?" binti yangu akacheka. "Nani huyo?"

Nikavua aproni, nikajipangusa vumbi usoni.

"Wee mama! Unaniachia mlango wenye tundu? Na hiyo bisibisi unaipeleka wapi?"

Nikatoka nayo hivyo hivyo, nikaelekea mlangoni kwa Wilfred.