Jibwa na Kijibwa

Kwa muuzaji wa mbwa, mume alitaka jibwa la ulinzi lililofungwa kamba pembeni, lenye kifua kama pipa. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amepakata kijibwa cha manyoya marefu.

"Baba watoto, hiki kitacheza na mwanetu."

"Hicho ni panya tu!" Mume akakipokonya, akakibamiza ukutani. Kisha akamgeukia mkewe, akamzaba kofi la mdomo mbele ya muuzaji.

Jibwa likakata kamba, likaruka. Meno yakazama kwenye mkono ule ule uliopiga. Mfupa ukalia ka! Damu ikatiririka mpaka kwenye viatu.

"Liondoe! Naangamia!" mume alipiga yowe.

"Nilitulize, dada?" muuzaji aliuliza.

Mke alikiokota kijibwa. Hakikuwa kikihema.

"Ngoja kwanza, kaka," alisema. "Bado nachagua."