Mkondo wa Porth Neigwl

Ufuko wa Porth Neigwl ulikataa kusogea karibu. Heledd alikuwa amepiga maji kwa mikono yote miwili mpaka mabega yakawaka moto, kifua kimelala juu ya ubao wa kutelezea mawimbini, macho kwenye gari jeupe la rafiki yake Mabli kule mchangani. Alipoinua kichwa tena, gari lilikuwa dogo zaidi.

Alijilazimisha kutabasamu. Mtu aliyeteremka na baiskeli njia zote za msitu wa Coed y Brenin, mawe na mizizi yenye utelezi, atazidiwaje na maji? Ndivyo alivyojigamba asubuhi. Wiki kadhaa kabla, daktari alikuwa amemwambia alipumzishe goti, na Mabli, aliyeanza kuteleza juu ya mawimbi miaka mingi nyuma, akamchokoza: "Njoo baharini, malkia wa matope. Huku ukianguka huvunjiki."

Kweli hakuvunjika. Wiki za kwanza alikunywa chumvi na kucheka. Siku moja alisimama juu ya wimbi kwa muda wa pumzi moja, akarudi nyumbani akiimba njia nzima. Lakini mlima ukikutisha unabana breki, unashuka, unaikokota baiskeli yako kwa aibu, basi. Hapa breki hakuna. Hapa njia yenyewe ndiyo inayokwenda, na leo ilikuwa inakwenda Ireland, ng'ambo ya bahari.

Wimbi lilimfunika. Aliibuka akikohoa, ameukumbatia ubao.

"Uko salama, binti?"

Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya ubao mrefu, mbali kidogo naye, ndevu nyeupe zikichuruzika maji.

"Niko sawa!"

"Ukipinda kidogo upande wa..."

"Nimesema niko sawa, mzee! Niache!"

Mzee aliinua mkono kama mtu aombaye radhi.

Heledd akapiga maji tena, moja kwa moja kuelekea gari jeupe. Miguu yake, ile iliyowaacha wanaume nyuma kwenye kila mwinuko, ilining'inia nyuma yake kama mzigo wa mtu mwingine. Pumzi zilimjia fupi fupi, hazifiki chini. Aliutazama mkono wake wa kulia ukiingia majini na kutoka bila nguvu, na kwa mara ya kwanza akawaza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza mlimani: leo sirudi.

Hapo ndipo aliposikia ukelele.

"Binti! Nisaidie! Misuli imenikaza, mguu hausogei!"

Mzee alikuwa amelala kifudifudi ubaoni, uso umekunjamana, mkono mmoja umelibana paja. Heledd alitukana kimoyomoyo. Kisha akageuza ubao.

"Shika kamba yangu hii, ya kifundo cha mguu! Usiiachie! Nakuvuta ufukweni."

"Si huko!" Mzee alitikisa kichwa. "Nipeleke kule kwenye miamba. Gari langu liko kule, dawa imo ndani. Nakuomba, mwanangu."

Miamba ilikuwa mbali, pembeni kabisa mwa ghuba, mbali kuliko ufuko wenyewe. Lakini mtu anayekufa habishiwi. Heledd akapinda.

"Niongeleshe," mzee alisema nyuma yake, sauti imekwaruza. "Tukinyamaza nitazimia. Ukiwa nchi kavu unapenda nini?"

"Baiskeli. Za milimani."

"Mlima mrefu unaupandaje?"

"Hilo nalo unataka kulijua sasa hivi?"

"Nisizimie tu, mwanangu."

"Siangalii kilele," Heledd alisema akihema. "Naangalia tairi la mbele. Naweka gia nyepesi. Sishindani na mlima, natafuta mwendo wangu."

"Na pumzi?"

"Pumzi inafuata miguu. Ukanyage, uvute. Ukanyage, utoe."

"Nionyeshe. Polepole, nisikie."

Akamwonyesha. Mkono, kuvuta. Mkono, kutoa. Hakulitazama tena gari jeupe, hakuitazama hata miamba. Alitazama ncha ya ubao wake tu, kama tairi la mbele, na nyuma yake mzee alikuwa akivuta na kutoa pumzi pamoja naye, akiguna kila mara kwa maumivu.

Hakujua ni lini hasa maji yalibadilika. Alihisi tu kwamba mkondo uliokuwa ukimtoa nje haumvuti tena; ulikuwa umebaki pembeni, kule mbele ya gari jeupe. Wimbi likaja kutoka mgongoni, likawanyanyua wote wawili, likawasukuma. Likaja jingine. Kisha goti lake bovu likagonga mchanga, na hakuwa amewahi kufurahia maumivu namna ile.

Alimshika mzee kwapani, akamburuta kwenye povu, akamwegemeza kwenye jabali. Midomo ya mzee ilikuwa ya kijivu. Alikuwa amefumba macho.

"Usisogee hapa. Nakwenda kuita watu."

"Umefanya kazi kubwa, mwanangu," mzee alinong'ona.

Heledd alikimbia ufukweni akilia na kucheka kwa pamoja, suti ya mpira ikimbana, miguu hatimaye ikifanya kazi inayoijua. Alikuwa amemwokoa mtu. Njiani akagongana na Mabli, aliyekuwa akija mbio, hana rangi usoni.

"Heledd! Nilikuwa napiga simu, nilidhani wewe..."

"Si mimi, ni mzee! Misuli imemkaza, yuko hoi kule miambani. Leta blanketi! Leta chai!"

Walirudi garini, wakabeba kila walichokipata, wakakimbia mpaka pumzi zikawaishia. Kwenye jabali palikuwa na alama ya majimaji tu. Hapakuwa na mzee, hapakuwa na ubao wake mrefu, wala barabarani juu hapakuwa na gari lolote.

"Heledd," Mabli alisema taratibu, akiwa amekinga macho kwa kiganja, "mgonjwa wako ana ndevu nyeupe?"

Kule nje baharini, juu ya wimbi kubwa kuliko yote ya siku ile, mzee alikuwa amesimama kwa miguu yake yote miwili, akiteremka kwa raha zake.