Posa Ndani ya Treni Iliyodukuliwa

Treni ilifunga breki tena kwa kishindo. Yai la kuchemsha likamponyoka Bi Genowefa, likabingirika hadi kwenye kiatu cha bwana aliyekaa dirishani.

"Si sisi, jamani!" kondakta alipaza sauti. "Ni wadukuzi! Wameingilia redio ya reli. Kila tukiondoka, wanatuma amri ya kusimama."

"Basi izimeni hiyo redio!" alisema Bi Genowefa.

"Tukiizima, mama, hatuendi kabisa."

Nje palikuwa na mvua na mashamba ya kabichi, na mji wa Szczecin, walikokuwa wakienda, bado ulikuwa mbali. Bi Genowefa, mjane asiyeweza kunyamaza, aliwageukia wenzake wawili: Witold wa dirishani, na Halszka aliyejibanza mlangoni. Tangu walipopanda treni mjini Poznań hawakuwa wamesemezana hata neno.

"Mmekatwa ndimi? Haya, kuleni mayai."

Witold alimenya lake, akajiwekea kiini, akamnyooshea Halszka ute. Halszka akapokea, akamsogezea chumvi.

"Haa! Mmoja wa kiini, mwingine wa ute!" Bi Genowefa alipiga makofi. "Kijana, una mke?"

Witold alikohoa. "Kwa sasa, mama, ni vigumu kueleza."

"Na wewe, binti, una mume?"

"Niulize jioni," alisema Halszka, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Witold naye akashindwa kujizuia.

Breki zikakaza tena. Halszka akatupwa mapajani mwa Witold, na wala hakuwa na haraka ya kuinuka.

"Mungu awabariki hao wadukuzi," alinong'ona Bi Genowefa, akajifanya amelala.

Kwa jicho moja alimwona Witold akiomba radhi, ingawa hakusikia ni kwa kosa gani. Halszka alimpangusa tu makombo ndevuni.

Walifika jioni. Stesheni, Bi Genowefa aliwashikanisha mikono. "Oaneni upesi, kabla hamjajuana vizuri. Na harusini nisikose!"

"Hutakosa, mama," alisema Witold kwa heshima zote.

Simu ya Halszka ikalia.

"Ndiyo, wakili, ndiyo kwanza tunashuka. Hakimu keshaondoka? Afadhali." Akamtazama Witold, aliyekuwa amebeba mikoba yao yote miwili. "Hapana, usiombe tarehe nyingine. Mume wangu anasema hata yeye haitaki tena hiyo talaka."